CT pekee, CT na MRI, au CT na PET: picha ipi ya kupangia mionzi ya kichwa na shingo?

Kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe, kimekwenda maabara, majibu yamerudi, neno limeshatamkwa. Ni saratani ya ulimi, au ya koo, au ya nyuma ya pua. Daktari anasema mgonjwa atapata mionzi, kisha anaanza kuandika karatasi. Ya kwanza ni ya CT, picha ya eksirei inayokata mwili vipande vipande. Ya pili ni ya MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, na pembeni ameongeza "kama mtaweza". Ya tatu hajaiandika, ila ametaja kwamba Nairobi kuna PET, picha inayoonyesha seli zinazokula sukari nyingi. Familia inatoka pale na maswali ambayo hakuna aliyethubutu kuyauliza: tukiikosa hiyo ya bei kubwa, tutakuwa tumemuua mzee wetu? Na tukiipata, itabadilisha nini?

Nimekaa katika chumba cha kupangia mionzi muda wa kutosha kuyaona yote mawili. Nimeona familia iliyouza ng'ombe kwa ajili ya picha ambayo haikusogeza mstari hata milimita moja. Nimeona pia picha moja ya ziada ikionyesha ugonjwa umepanda kwenye mfupa ambao tulikuwa karibu kuuacha nje. Kwa hiyo sitakuambia kwamba picha nyingi ni bora kuliko chache. Nitazilinganisha njia tatu kwa vigezo vilevile, halafu tutazame ipi inamfaa nani.

Picha inakwenda kufanya kazi gani

Kupanga mionzi ni kazi ya kuchora. Mgonjwa hulazwa juu ya meza bapa ya CT, akavishwa barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto. Barakoa hufinyangwa juu ya uso, na mara nyingi mabega pia, ikipoa inakuwa ngumu. Hiyo ndiyo itakayomshika palepale kila siku ya matibabu. Mashine humpiga picha za vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3, na daktari hukaa na vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, akichora mipaka.

Mipaka ni mitatu, na majina yake mnaweza kuyakuta kwenye ripoti. GTV ni uvimbe unaoonekana au kushikika. CTV huongeza nyama ya jirani ambamo chembe za saratani huenda zimejificha. Kwa saratani za mdomo, koo na zoloto (kisanduku cha sauti), mwongozo wa kimataifa wa 2018 unapendekeza milimita 5 kuzunguka uvimbe kwa dozi kubwa, na milimita 10 kwa dozi iliyo chini yake. PTV ni ukanda wa tahadhari, kwa sababu binadamu hatulii kama jiwe: mara nyingi milimita 3 hadi 5. Baada ya hapo huchorwa vile vya kulindwa, yaani uti wa mgongo, shina la ubongo, neva za macho, taya, na tezi za mate zilizo mbele ya masikio, ambazo wapangaji hujitahidi zisipate wastani unaozidi grei 26 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Uvimbe wenyewe kwa kawaida hupewa grei 70, zikigawanywa mara 35 kwa wiki 7.

Hesabu hizi zinaonyesha kwa nini picha ina uzito. Mionzi ya kisasa inayofinyangwa kufuata umbo la uvimbe, ile iitwayo IMRT, hutii mstari. Uingereza jaribio la PARSPORT, lililochapishwa 2011 likiwa na wagonjwa 94, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja ukavu mkubwa wa kinywa uliwapata asilimia 38 ya waliotibiwa kwa IMRT, na asilimia 74 ya waliotibiwa kwa njia ya zamani. Lakini utiifu una upande wa pili: mstari ukichorwa mahali pasipo sahihi, mashine itapiga hapohapo kwa uaminifu uleule, mara 35.

Jambo moja liondolewe mapema. CT haishindani na wenzake. Kompyuta inayokokotoa dozi inahitaji kujua kila kipande cha mwili kinazuia mionzi kiasi gani, na CT ndiyo inayompa namba hizo. MRI na PET huja kulala juu yake. (Allan Cormack, aliyepata Tuzo ya Nobel ya 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield kwa ajili ya CT, alianza kulifikiria jambo hili 1956 akiwa mwanafizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kilichomkera ni kwamba wapangaji wa mionzi walikuwa wakiuhesabu mwili kana kwamba wote ni kitu kimoja. CT, kwa maana hiyo, ina mzizi katika swali la mpangaji wa mionzi hapahapa Afrika.)

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nimeiuliza mambo matano: inaonyesha nini mahali penyewe palipo na uvimbe, inasema nini kuhusu tezi za shingo na mwili uliobaki, inalandana vipi na CT ya kupangia, inadanganya wapi, na inamgharimu mgonjwa nini, kwa mwili, siku na fedha.

Njia ya kwanza: CT ya kupangia pekee

Nikisema "pekee" sina maana ya CT iliyopigwa kwa haraka bila dawa. Nina maana ya CT yenye sindano ya dawa ya rangi, ikisomwa pamoja na maelezo ya daktari wa masikio, pua na koo aliyetazama kwa kamera, na kidole cha daktari kilichopapasa shina la ulimi. Bila hayo, njia hii ni dhaifu. Ikiwa nayo, ina nguvu kuliko watu wanavyoidhania.

*Uvimbe wenyewe.* CT inasifika kwa mfupa. Ganda la taya likiliwa, inaona. Kwenye zoloto, ambako mgonjwa humeza na kukohoa, kasi yake ni faida kubwa, kwani picha inakamilika kabla hajameza mara ya pili. Tatizo lake ni nyama laini. Uvimbe wa ulimi kando ya msuli wa ulimi ni kijivu juu ya kijivu. Nyuma ya pua na kwenye kitako cha fuvu hali ni hiyohiyo, na hapo ndipo kosa la milimita chache linapouma.

*Tezi na mwili uliobaki.* Kwenye shingo CT hupima ukubwa na umbo. Tezi yenye kipenyo kifupi cha zaidi ya milimita 10 hushukiwa. Zile za nyuma ya koo, zaidi ya milimita 5. Tezi iliyooza katikati hushukiwa hata ikiwa ndogo. CT ya kifua ikiongezwa siku ileile, umeshapata jibu kuhusu mapafu, ambako saratani hizi hupenda kukimbilia kwanza.

*Kulandana.* Hapa haina mpinzani. Mgonjwa amelala vilevile atakavyolala siku ya matibabu, ndani ya barakoa ileile. Hakuna kuoanisha, kwa hiyo hakuna kosa la kuoanisha.

*Inapodanganya.* Meno. Jino lililozibwa kwa madini hutawanya michirizi inayofunika ulimi na mafindo kabisa, na kuna siku unachora kwa kukumbuka anatomia tu. Tezi ndogo yenye saratani itapita bila kutiliwa shaka, na tezi kubwa ya kifua kikuu itashukiwa bure.

*Gharama.* Dakika chache mezani. Dawa ya rangi inadai figo nzuri, na mgonjwa aseme kama iliwahi kumletea mzio. Hospitali inayopanga mionzi kwa vipimo vya pande tatu tayari ina CT, kwa hiyo mara nyingi hakuna safari ya ziada.

*Inamfaa* mwenye saratani ya zoloto, mwenye uvimbe ambao mipaka yake imeonekana vizuri kwa kamera, na aliye katika hatua ambayo kusubiri kutamdhuru kuliko kutokuwa na picha ya pili.

Njia ya pili: CT na MRI

*Uvimbe wenyewe.* Kama uvimbe uko nyuma ya pua, kwenye shina la ulimi, kwenye tezi za mate au kwenye nafasi za pua, MRI inakuonyesha kilichokuwa ukungu. Ndani ya mfupa, uboho wenye mafuta hung'aa kwenye picha za aina ya T1. Saratani ikiingia, mng'ao unazimika. Ndivyo ugonjwa wa kitako cha fuvu unavyogunduliwa wakati ganda la mfupa kwenye CT bado linaonekana zima. Kubwa zaidi ni neva. Baadhi ya saratani, hasa za tezi za mate, hutambaa kwa kufuata neva hadi ndani ya fuvu. Neva iliyonenepa na kuchukua dawa huonekana kwenye MRI. Kwenye CT mara nyingi utaona tundu la mfupa lililopanuka, tena baadaye sana.

Kenya, ambako saratani ya nyuma ya pua inajulikana kwa madaktari tangu miaka mingi, swali hili si la vitabuni. Uvimbe huo unapakana na shina la ubongo na neva za macho. Anayeuchora bila MRI hulazimika kuchagua kati ya kupanua mpaka kwa hofu na kuubana kwa matumaini.

*Tezi na mwili uliobaki.* Inaziona vizuri tezi za nyuma ya koo. Kwa shingo iliyobaki, inakaribiana na CT. Kuhusu mwili uliobaki haisemi kitu, kwa hiyo CT ya kifua bado inahitajika.

*Kulandana.* Hili ndilo linaloharibu MRI nyingi nzuri. Mgonjwa hupigwa picha katika kituo kingine, kichwa juu ya mto laini, kidevu kimeinama. Siku ya CT kidevu kimeinuliwa ndani ya barakoa. Kompyuta inajaribu kuzilaza picha mbili juu ya mwenzake: fuvu linakaa, shingo inakataa. Niliwahi kuletewa MRI ya namna hiyo, na tezi moja ilikuwa imesogea zaidi ya sentimita moja kutoka ilipo kwenye CT. Tuliitumia kwa kitako cha fuvu pekee, shingo tukaichora kwa CT. Ndiyo maana vituo vinavyoweza hupiga MRI mgonjwa akiwa ndani ya barakoa yake, juu ya meza bapa. Kama kituo chenu hakiwezi, mwombeni mpigaji amlaze mgonjwa kidevu kikiwa kimeinuka kama siku ya CT. Na mdai CD yenye picha zenyewe. Filamu iliyochapishwa na ripoti ya ukurasa mmoja haziwezi kulandanishwa na chochote.

*Inapodanganya.* Uvimbe wa majimaji unaozunguka saratani, au unaobaki baada ya kuchukua kinyama, unaweza kufanana na saratani yenyewe, na mpaka ukachorwa mpana mno. Gegedu la zoloto lenye mwako (lililovimba kwa maambukizi au jeraha, bila saratani) huonekana kana kwamba limevamiwa. Mgonjwa akimeza mara kwa mara, picha inatikisika.

*Gharama.* Nusu saa hadi dakika 45 ndani ya bomba lenye kelele, bila kutikisika. Mtu anayesongwa na mate au anayeshindwa kupumua akilala chali atateseka, na wengine hupatwa na hofu ya kufungiwa. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme kabla hajaingia mlangoni. Vingine vinakubalika, vingine vinaua. Dawa ya MRI, gadolini, hutumiwa kwa tahadhari figo zikiwa zimechoka sana. Kwa bei, iko juu ya CT, lakini miji mingi mikubwa ya kanda yetu inayo.

*Inamfaa* mwenye ugonjwa karibu na fuvu, mwenye dalili za neva (uso kufa ganzi, jicho kuona viwili viwili, ulimi kwenda upande), mwenye saratani ya ulimi ambayo kidole kinaihisi lakini CT haioni mwisho wake, na mwenye mdomo uliojaa meno yaliyozibwa. Madini huharibu MRI pia, ila doa lake kwa kawaida hubaki karibu na jino lenyewe. Halitawanyiki kinywa kizima.

Njia ya tatu: CT na PET

*Uvimbe wenyewe.* PET haionyeshi umbo, inaonyesha ulaji. Mgonjwa huchomwa sukari iliyofungwa na florini-18, na seli zenye njaa zaidi huwaka. Uvimbe ambao CT imeukosa unaweza kujitokeza kama taa gizani. Lakini taa haina kingo. Uwezo wa mashine kutofautisha nukta mbili ni kama milimita 4 hadi 5, na ukubwa wa doa hutegemea umeongeza mwanga kiasi gani kwenye skrini. Madaktari wawili wakiongeza tofauti, watachora uvimbe mbili. Vituo makini huwa na kanuni moja iliyoandikwa ya kukata mpaka, na bado jicho la daktari ndilo linaloamua.

*Tezi na mwili uliobaki.* Hapa ndipo inapolipa. Tezi ya milimita 8 ambayo CT imeipita inaweza kuwaka, ikahamishwa kutoka dozi ya kinga, iliyo ndogo, hadi dozi kamili. Doa kwenye ini au mfupa linaweza kubadilisha safari nzima: badala ya wiki 7 za mionzi mikali yenye lengo la kuponya, mgonjwa akapewa tiba fupi ya kumtuliza. Na kuna wale ambao tezi ya shingo imethibitishwa kuwa saratani lakini haijulikani imeanzia wapi. Kwa hao PET ifanywe kabla ya kuchukua vinyama vya mafindo na shina la ulimi, kwani kidonda kibichi nacho huwaka.

*Kulandana.* PET huja na CT yake ndogo, jambo linalorahisisha kazi. Ikipigwa ndani ya barakoa kwenye meza bapa, inakaa vizuri. Ikipigwa mikono ikiwa juu ya kichwa kama ilivyo desturi ya picha ya mwili mzima, shingo inajikunja vingine. Ombeni sehemu ya kichwa na shingo ipigwe mikono ikiwa chini.

*Inapodanganya.* Sitalipitia hili haraka, kwa sababu ya mahali tunapoishi. Seli za mwako hula sukari kama saratani. Tezi ya kifua kikuu huwaka. Tezi za mtu mwenye VVU, hasa ambaye virusi havijadhibitiwa, zinaweza kuwaka pande zote za shingo. Jino bovu huwaka, mafindo ya kawaida huwaka, na nyuzi za sauti za mgonjwa aliyekaa akipiga soga wakati wa kusubiri huwaka pia. Anayezichora zote kama saratani atamkausha kinywa mtu bure. Tezi inayowaka mahali pasipotarajiwa, na ambayo ingebadilisha mpango, ichomwe sindano itazamwe kabla haijachorwa. Upande wa pili, tezi iliyooza katikati inaweza isiwake, na saratani ya milimita 3 haionekani kabisa. PET safi haimaanishi shingo safi. Ndiyo maana tezi za hatari bado hupewa dozi ya kinga.

*Gharama.* Muda wa saa 6 bila chakula, kisha sindano, kisha kama saa 1 ya kutulia kimya, halafu picha. Mwenye kisukari sukari yake iwe chini ya kama 11 mmol/L, la sivyo picha inafifia. Umbali ni suala lingine. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwezi kuhifadhiwa ghalani wala kusafirishwa mbali; inapikwa kwa saiklotroni, mtambo wa kuitengeneza, karibu na mashine ya picha. Ndiyo sababu PET hukusanyika mijini. Nairobi ipo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wagonjwa huifuata kutoka nchi jirani. Wengine hupewa rufaa hadi India. Kwa watu hawa ada ya picha ni mwanzo tu. Nauli, malazi, msindikizaji na siku zinazopotea huongezeka juu yake.

*Inamfaa* mwenye tezi nyingi au kubwa, mwenye chanzo kisichojulikana, na yule ambaye kuna shaka ya kweli kwamba ugonjwa umeshatoka shingoni.

Hakuna mashine inayoona yote

Mwaka 2004 watafiti wa Ubelgiji walichapisha kazi ninayoipenda kwa ukweli wake. Waliwapiga picha za CT, MRI na PET wagonjwa 29 wa saratani za koo na zoloto, na kwa 9 waliokuja kuondolewa zoloto, wakalinganisha picha na kiungo chenyewe kilichokatwa. Kwa wastani mashine zote tatu zilikuza uvimbe kuliko ulivyokuwa. PET ilikaribia zaidi. Hata hivyo, zote tatu zilikosa sehemu za saratani zilizotambaa juujuu ya utando wa koo. Hizo huonekana kwa jicho na kamera. Kwa hiyo, daktari wa pua na koo asiyeandika alichokiona amekunyima picha ambayo fedha hainunui.

Mashine ya matibabu na kalenda

Kabla ya kukimbilia picha ya pili, uliza mionzi itatolewa na mashine gani. Vituo vyetu havilingani. Taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilipata linaki, mashine za kisasa za mionzi, 2018. Hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali, ilizianza 2019. Na bado kuna wagonjwa wa kanda hii wanaotibiwa kwa kobalti, mashine ya kizamani, ambayo miale yake hupita kwa madirisha mapana ya kulia, kushoto na mbele. Kwa madirisha hayo, mpaka huwekwa kwa kufuata mifupa, na sentimita nzima ya nyama imo ndani utake usitake. MRI ya kunoa mpaka wa milimita 3 itafanya kazi ndogo hapo. Inaweza kubaki na maana kama inaamua jambo kubwa, kwa mfano ugonjwa umeingia kwenye fuvu au la. Kadhalika PET: kwa mgonjwa wa kobalti, thamani yake ni kujua kama ugonjwa umesambaa, si kuchora.

Halafu kuna siku. Denmark ilichapisha 2007 uchunguzi wa wagonjwa 61 wa saratani za kichwa na shingo waliopigwa picha mara mbili, ya ugunduzi na ya kupangia, zikiwa zimepishana kama wiki 4. Asilimia 62 uvimbe ulikuwa umekua kwa kipimo. Picha ya ziada inayochelewesha kuanza kwa mwezi mzima inaweza kuwa imekuonyesha vizuri kabisa uvimbe ambao haupo tena kwa ukubwa ule. Hata picha ikishapatikana, ikikaa wiki nyingi inazeeka. Mkipata nafasi, panga MRI au PET iangukie karibu na CT ya kupangia, na kabla ya dawa za kemo kama zitatangulia, kwa sababu kemo hupunguza uvimbe na daktari atahitaji kujua ulikuwa umefika wapi.

Meno yang'olewe kwanza, barakoa ifuate. Mgonjwa akitengenezewa barakoa leo na kung'olewa magego manne kesho, uso unavimba, barakoa haiingii, na PET ikipigwa wiki hiyo taya lote litawaka.

Mwongozo kwa hali yako

Swali la kumpelekea daktari, kwa adabu na bila woga, ni hili: "Samahani daktari, tukiipata picha hii, ni mstari gani unaweza kubadilika?" Akitaja mahali (kitako cha fuvu, tezi ya upande wa pili, mapafu), itafuteni. Akisema "ni vizuri tu kuwa nayo", mna nafasi ya kupima na mfuko.

Saratani ya nyuma ya pua, ya nafasi za pua, au yoyote yenye dalili za neva: CT na MRI. Kama fedha inaruhusu safari moja tu, iwe ya MRI. PET iongezwe tezi zikiwa kubwa au zimeshuka chini ya shingo.

Zoloto, ugonjwa mdogo, sauti imekwaruza, tezi hazipo: CT nzuri na ripoti ya kamera zinatosha kwa wengi. Anzeni.

Ulimi au mafindo, na CT imejaa michirizi ya meno: MRI, kichwa kikiwa kimelazwa kama siku ya barakoa.

Tezi shingoni imethibitishwa, chanzo hakijulikani: PET kabla ya vinyama zaidi, kama mnaweza kuifikia ndani ya wiki 1 au 2. Kama hamwezi, kamera, CT na vinyama vya sehemu zinazoshukiwa ni njia halali iliyotumika miaka mingi kabla ya PET.

Aliyewahi kuugua kifua kikuu, au anayeishi na VVU na tezi zimevimba pande zote: msiisome PET bila sindano ya tezi. Kwa huyu, kipimo cha sindano kikiongozwa na ultrasaundi huenda kikajibu swali mapema, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Anayesongwa, anayekonda kwa kasi, au uvimbe unaokua mbele ya macho: CT ya kupangia wiki hii, na fedha ya picha ya pili iende kwenye mrija wa chakula. Mgonjwa akikonda katikati ya matibabu barakoa hulegea, tezi za mate husogea ndani, na CT ya pili ya kupangia huhitajika. Hiyo CT ya pili, ambayo hakuna anayeiwekea bajeti, mara nyingi inamsaidia kuliko PET ya mwanzo.

Na mwenye fedha ya PET moja tu, tezi zake zikiwa zimeonekana wazi kwenye CT: muulize daktari kama iwekwe hadi wiki 12 baada ya mionzi. Katika jaribio la PET-NECK la Uingereza, lililochapishwa 2016 likiwa na wagonjwa 564, waliofuatiliwa kwa PET ya wiki hiyo waliishi sawa na waliopasuliwa shingo kwa mpango: miaka 2 baadaye asilimia 84.9 walikuwa hai dhidi ya 81.5. Operesheni za shingo zilizofanyika zilikuwa 54 upande wa PET, na 221 upande mwingine. Picha ya mwanzo husaidia kulinganisha, lakini kutokuwa nayo hakufungi mlango wa hii ya mwisho.